Kodi ya nyumba Rubavu: Mwenye nyumba afanye nini asipokubaliana na kiwango alichotozwa?

Nyumba katika mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, inaweza kuonekana nzima mtu akiitazama kutoka barabarani. Ndani, ufa unaanzia kwenye kizingiti cha dirisha na kupanda hadi darini. Ni kumbukumbu ya mitetemeko iliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021. Mwenye nyumba ameshaupaka chokaa mara mbili. Hata hivyo, katika kumbukumbu za kodi, nyumba hiyo bado ina thamani ileile iliyotajwa kabla ardhi haijatikisika, na kila mwaka hutozwa kwa thamani hiyo.

Hali ya namna hii haihusu Mbugangari peke yake. Katika wilaya ya Rubavu, thamani ya nyumba imebadilika mara kadhaa katika miaka michache. Mitetemeko ya 2021 ilipasua kuta. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko yaliyoua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, na mto Sebeya ukafurika na kuingia majumbani. Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, makombora yalivuka mpaka na kuanguka Gisenyi. Upande wa pili, kuna viwanja vya karibu na ziwa Kivu ambavyo bei yake imepanda.

Kodi hutozwa kwa kile kilichoandikwa, wala si kwa kile anachokijua jirani. Makala hii inaeleza jinsi kodi hiyo inavyokokotolewa nchini Rwanda, makosa yanayoweza kujitokeza, na hatua anazoweza kuchukua mwenye nyumba asiyekubaliana na kiwango alichotozwa.

Kodi ipi inayozungumziwa?

Neno "kodi" katika Kiswahili hubeba mizigo miwili: malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na malipo ya raia kwa serikali. Jambo hilo huleta mkanganyiko, kwa sababu mwenye nyumba ya kupangisha huweza kudaiwa kodi mbili tofauti za serikali.

Ya kwanza ni kodi ya mali isiyohamishika, yaani kiwanja na jengo. Mwisho wa kuilipa ni tarehe 31 Desemba. Ya pili ni kodi ya mapato yatokanayo na upangishaji, ambayo hukokotolewa kwa fedha zilizopatikana kutoka kwa wapangaji na ambayo mwisho wake ni tarehe 31 Januari ya mwaka unaofuata. Zote mbili ni mapato ya wilaya, lakini hukusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, RRA. Kabla ya kulalamika, mwenye nyumba hana budi kujua ni ipi kati ya hizo anayoipinga. Mtu anaweza kuandika barua ndefu kuhusu thamani ya nyumba yake, kumbe kiasi anachodaiwa ni cha mapato ya pango.

Makala hii inahusu ile ya kwanza.

Viwango vilivyopanda na kushuka

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu vyanzo vya mapato ya serikali za mitaa ilileta mabadiliko makubwa. Kodi ya kiwanja, ambayo awali haikuzidi faranga 80 kwa mita moja ya mraba, iliruhusiwa kufika hadi faranga 300, kiwango halisi kikipangwa na Baraza la Wilaya. Nyumba ya makazi isiyo na msamaha ilipangiwa kiwango cha kupanda ngazi kwa ngazi: asilimia 0.25 ya thamani ya soko mwaka 2019, kisha 0.5, kisha 0.75, hadi kufika asilimia 1.

Malalamiko yalianza mapema. Mwaka 2019 wakili mmoja alivifikisha baadhi ya vifungu vya sheria hiyo katika Mahakama ya Juu akidai kwamba vinakwenda kinyume na Katiba. Mwanzoni mwa mwaka 2021, uchumi ukiwa umebanwa na janga la Corona, serikali ilisimamisha ongezeko na kurejea viwango vya mwaka 2019. Aprili 2023 ilitangaza mageuzi ya kodi, na mwezi Septemba mwaka huohuo sheria mpya ikatoka. Kodi ya kiwanja ilirudishwa kati ya faranga 0 na 80 kwa mita ya mraba. Nyumba ya makazi ilishushwa hadi asilimia 0.5 ya thamani ya soko, jengo la biashara hadi asilimia 0.3, na jengo la kiwanda likabaki asilimia 0.1.

Kuna msamaha ambao kila mwenye nyumba anapaswa kuufahamu. Nyumba moja ambayo mwenyewe ameiteua kuwa makazi yake, pamoja na majengo madogo yanayoambatana nayo katika kiwanja cha familia moja, haitozwi kodi ya jengo. Mwenye nyumba moja hubaki na kodi ya kiwanja tu. Ni nyumba ya pili na zinazofuata ndizo zinazotozwa kwa thamani.

Thamani hutoka wapi?

Katika nchi nyingi, serikali hutuma wathamini wake, nao huandika thamani ya kila nyumba katika daftari. Nchini Kenya, kwa mfano, kaunti huandaa daftari la uthamini, na mwenye mali asiyeridhika huwasilisha pingamizi. Nchini Tanzania, tangu mwaka 2021, kodi ya jengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU kwa kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida, hivyo thamani ya nyumba haihojiwi kabisa. Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, msingi wa kodi ya majengo ni amri-sheria ya mwaka 1969, inayozingatia daraja la eneo na ukubwa wa jengo.

Rwanda imefuata njia nyingine. Mwenye nyumba ndiye anayetamka thamani ya mali yake. Anaweza kuikadiria mwenyewe au kumtumia mthamini aliyesajiliwa. Taaluma ya uthamini inasimamiwa na sheria ya mwaka 2010, na wathamini wote wamo katika Taasisi ya Wathamini wa Mali Isiyohamishika ya Rwanda, IRPV. RRA ina haki ya kulikagua tamko hilo, na ikiona kwamba thamani imeshushwa mno, inaweza kufanya makadirio yake na kumtumia mwenye nyumba taarifa.

Kwa hiyo migogoro ya Rubavu inaweza kuwa ya aina mbili. Mwenye nyumba anaweza kupingana na makadirio ya RRA. Au anaweza kupingana na tamko lake mwenyewe la zamani, alilolitoa kwa haraka siku za mwisho za Desemba, au alilojaziwa na kijana wa duka la huduma za intaneti, kisha akalisahau. Chini ya utaratibu wa sheria ya 2018, tamko hudumu kwa mzunguko wa miaka 5. Kosa dogo la siku moja hulipiwa mara tano.

Makosa yanayoweza kusahihishwa bila rufaa

Si kila kiwango kisicho sahihi kinahitaji rufaa. Makosa mengine ni ya kumbukumbu, na hurekebishwa mezani mwa ofisa mhusika.

Nyumba ya makazi haikuandikwa kuwa ya makazi. Mtu mwenye nyumba moja anadaiwa kodi ya jengo kwa sababu katika mfumo haikuonyeshwa kuwa ndiyo makazi yake. Au ana nyumba mbili, na ile yenye thamani ndogo ndiyo iliyopewa msamaha bila yeye kujua. Marekebisho hufanyika RRA.

Matumizi ya kiwanja yamekosewa. Shamba linaonekana kama kiwanja cha makazi, au chumba kimoja cha duka kimeifanya nyumba nzima ihesabiwe kuwa ya biashara. Kilimo na ufugaji kwenye ardhi isiyozidi hekta 2 vina msamaha wake, hivyo tofauti hiyo ina uzito.

Ukubwa haulingani na hali halisi. Kodi ya kiwanja hukokotolewa kwa mita za mraba zilizo kwenye hati ya ardhi. Kama hati inasema mita 600 na kiwanja kina mita 450, RRA haiwezi kubadilisha hati. Mwenye kiwanja huanzia kwa ofisa wa ardhi wa tarafa (umurenge) wake, kwa kuwa kumbukumbu hizo ni za Mamlaka ya Taifa ya Ardhi.

Mali imeshauzwa. Muuzaji anaendelea kudaiwa kwa sababu mnunuzi hakukamilisha uhamisho wa hati. Katika miji ya mpakani, ambako wanunuzi wengine huishi upande wa pili, jambo hili huweza kudumu miaka mingi. Maadamu jina halijabadilishwa, deni humfuata aliyeandikwa.

Katika kila hali, namba ya utambulisho wa kiwanja, UPI, ndiyo funguo. Kwa viwanja vya Rubavu huanza na 3/03, yaani Mkoa wa Magharibi na wilaya ya Rubavu, kisha hufuata namba za tarafa, seli na kiwanja. Anayekwenda ofisini bila namba hiyo atarudishwa nyumbani kuifuata.

Nyumba imepungua thamani: tamko jipya

Sheria inatambua kwamba nyumba haibaki ilivyo. Mali ikipata mabadiliko yanayopandisha au kushusha thamani yake kwa asilimia 20 au zaidi, mwenye mali hutakiwa kutoa tamko jipya. Kifungu hiki hukumbukwa zaidi pale mtu anapoongeza ghorofa, kwa sababu wakati huo serikali ndiyo yenye faida. Lakini kinafanya kazi pande zote mbili, na kwa familia za Rubavu upande wa pili ndio wenye maana zaidi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu anaishi Rugerero na ana nyumba ya pili Gisenyi aliyoipangisha. Aliitamka kuwa na thamani ya faranga milioni 30. Kwa asilimia 0.5, hulipa faranga 150,000 kwa mwaka. Baada ya kuta kupasuka na msingi kuinama upande mmoja, mthamini anasema nyumba sasa ina thamani ya milioni 21. Upungufu ni asilimia 30, umevuka kiwango cha 20. Kodi mpya ni faranga 105,000. Tofauti ni faranga 45,000 kila mwaka, au 225,000 kwa miaka 5. Kwa familia yenye watoto shuleni, hicho si kiasi cha kudharau.

Hesabu hiyo ina upande wake wa tahadhari. Mthamini naye hulipwa. Iwapo upungufu ni mdogo, gharama ya kuuthibitisha inaweza kuzidi nafuu itakayopatikana. Mwenye nyumba afanye hesabu hiyo kabla ya kusaini mkataba na mthamini.

Kwa nyumba iliyobomoka kabisa, au kwa mtu asiye na uwezo wowote wa kulipa, ipo njia nyingine iliyo tofauti na rufaa: kuomba msamaha wa kodi. Ombi hilo huandikwa, huambatanishwa na ushahidi, na uamuzi wake hupitia Baraza la Wilaya. Barua ya viongozi wa mtaa na seli inayothibitisha maafa ina nguvu ikiandikwa mapema, kuliko ikitafutwa miaka mitatu baadaye kwa kiongozi mpya ambaye hakuwapo siku ya mafuriko.

Rufaa: siku 30 za kwanza

Pale RRA inapotoa taarifa ya makadirio na mwenye nyumba hakubaliani nayo, ndipo rufaa yenyewe inapoanza. Utaratibu wake umo katika sheria ya mwaka 2023 kuhusu taratibu za kodi.

Hatua ya kwanza ni kuandika kwa Kamishna Mkuu wa RRA ndani ya siku 30 tangu siku ya kupokea taarifa. Taarifa ikipokelewa tarehe 3 Machi, mwisho ni tarehe 2 Aprili. Siku hizo hazisubiri mtu arudi safarini, wala hazisimami kwa sababu ofisa mmoja alimwambia kwa mdomo kwamba suala lake linashughulikiwa. Maneno ya mdomo si rufaa. Aliyebadilisha namba ya simu au anwani ya barua pepe bila kuijulisha RRA hujiweka hatarini, kwa kuwa ujumbe huweza kufika mahali ambapo yeye hayupo.

Barua ya rufaa haihitaji maneno makali. Inahitaji kueleza mambo yafuatayo kwa uwazi:

- jina la mlipakodi, namba yake ya utambulisho na UPI ya mali husika;
- mwaka wa kodi na taarifa inayopingwa, pamoja na tarehe iliyopokelewa;
- kiasi kilichotozwa, kiasi ambacho mwenye nyumba anaona ni sahihi, na jinsi alivyokifikia;
- sababu za kutokubaliana, moja baada ya nyingine;
- vielelezo vilivyoambatanishwa.

Vielelezo ndivyo vinavyoamua. Ripoti ya mthamini aliyesajiliwa hutangulia vyote. Hufuatiwa na picha zenye tarehe, hati ya ardhi, kibali cha ujenzi, stakabadhi za malipo yaliyotangulia, mikataba ya mauzo ya nyumba zinazofanana katika mtaa huohuo, na barua za viongozi kuhusu maafa. Kusema kwamba "kodi ni kubwa mno" hakumsaidii anayeamua rufaa. Anachoweza kukipima ni hoja kwamba nyumba imehesabiwa kuwa na thamani ya milioni 30 ilhali ina thamani ya milioni 21.

Hapa pana mtego mmoja. Mtu aliyeipeleka nyumba hiyohiyo benki kama dhamana ya mkopo, ikathaminiwa kwa milioni 45, atapata shida kueleza kwa nini katika kodi ina thamani ya milioni 20. Karatasi hizo mbili zina saini yake. Ni afadhali kutamka ukweli mahali pote.

Je, kodi hulipwa wakati rufaa inaendelea?

Hili ndilo swali linalowaponza wengi. Rufaa peke yake haisimamishi wajibu wa kulipa. Sehemu ya kodi ambayo mwenye nyumba haipingi hulipwa kwa wakati wake. Kwa sehemu inayobishaniwa, anaweza kumwomba Kamishna Mkuu kwa maandishi asimamishe malipo hadi rufaa iamuliwe. Asiyeomba, na asiyelipa, hukuta faini na riba zikikua huku barua yake ikisomwa.

Katika mfano uliotangulia, ikiwa RRA imetoza faranga 150,000 na mwenye nyumba anakubali 105,000, alipe hizo 105,000 na kutunza stakabadhi. Kinachobaki kubishaniwa ni 45,000 tu.

Baada ya uamuzi wa Kamishna Mkuu

Kamishna Mkuu hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 30, na muda huo unaweza kuongezwa mara moja kwa siku 30 nyingine. Uamuzi ukiwa haukumridhisha mwenye nyumba, ana milango miwili. Wa kwanza ni usuluhishi, ambapo pande mbili huketi na kutafuta mwafaka. Wa pili ni mahakama, nako pia ana siku 30.

Migogoro ya kodi husikilizwa na mahakama za biashara. Iliyo karibu zaidi na Rubavu iko Musanze, na juu yake ipo Mahakama Kuu ya Biashara. Kufika huko kuna gharama: nauli, wakili, na muda. Kwa tofauti ya makumi ya maelfu ya faranga, si wengi watakaoona faida. Hii ndiyo sababu barua ya kwanza kwa Kamishna Mkuu inastahili kuandaliwa kwa makini kana kwamba ndiyo ya mwisho.

Gharama ya kunyamaza

Kuna anayeona ni heri kukaa kimya, akiamini kwamba deni litasahaulika. Halisahauliki. Mwenye ardhi anapotaka kuuza, kugawia watoto urithi au kuhamisha hati, hutakiwa kuonyesha kwamba mali haidaiwi kodi. Hapo malimbikizo ya miaka hutokea kwa pamoja, kodi na faini na riba, na siku 30 za kupinga zimeshapita zamani. Mara nyingi mzigo huo humwangukia mjane au watoto ambao hawakujua kama palikuwa na taarifa yoyote.

Msaada upo. RRA ina ofisi Rubavu na namba ya simu isiyo na malipo, 3004. Ofisi za tarafa zina maofisa wa ardhi. Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, ingawa barua nyingi za kodi huandikwa kwa Kinyarwanda au Kiingereza. Asiyezimudu lugha hizo aombe kusomewa na mtu anayemwamini siku hiyohiyo anapoipokea barua, na aandike tarehe hiyo juu ya bahasha. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.